Mzee Milimita, Mtu Aliyeishuku Mvua

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu popote mlipo. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko gereji, weka spana chini kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakuamini kitu. Narudia: hakuamini kitu. Ukimwambia saa nne imefika, anatazama saa yake. Kisha anatazama ya ukutani. Kisha anakugeukia: "Na wewe umejuaje?"

Mtaani tulimwita Mzee Milimita. Amefariki Jumanne iliyopita, asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Tumemzika Alhamisi.

Kazi yake ya mkono ilikuwa ufundi saa. Kibanda chake kilikuwa pale kwenye kona, kati ya kinyozi na duka la madaftari. Mlango wa bati, meza yenye ukingo ili skrubu zisidondoke, na yeye mwenyewe amejibana nyuma yake, lenzi jichoni. Mteja akisema, "Mzee, saa yangu inachelewa," yeye hakuichukua kwanza. Aliuliza: "Inachelewa saa, au unachelewa wewe?"

Lakini jina la Milimita hakulipata kwa saa. Alilipata kwa mvua.

Uani kwake palikuwa na chombo cha kupimia mvua. Ni mkebe wa shaba, mdomo wake kama faneli, na ndani yake mna chupa. Kila asubuhi, saa tatu kamili, alitoka na gilasi yenye mistari. Alimimina maji ya usiku mzima, akapiga magoti ili jicho lilingane na mstari, akasoma, akaandika daftarini. Idara ya hali ya hewa ilimwomba afanye kazi hiyo kwa kujitolea. Aliifanya miaka thelathini na saba. Miaka thelathini na saba, wasikilizaji, kila siku.

Mjane wake, ambaye ni mshonaji, ameniambia hivi: "Siku binti yetu anaolewa, wageni wamejaa sebuleni, bwana harusi yuko mlangoni, namtafuta baba wa bibi harusi simwoni. Kumbe amepiga magoti uani, na suti yake. Na mvua yenyewe haikuwa imenyesha! Nikamwambia, baba, hamna kitu humo. Akanijibu, sifuri nayo lazima ionekane kwa macho."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Kwa miaka ishirini na mitano ya mwanzo, mvua kubwa kuliko zote aliyowahi kuipima kwa siku moja ilikuwa milimita sitini na nne. Ishikeni namba hiyo. Sitini na nne. Halafu, miaka kumi na miwili iliyopita, asubuhi moja alitoka na gilasi yake kama kawaida. Gilasi ile hubeba milimita kumi. Aliijaza mara moja, akamwaga. Mara ya pili. Mara ya tano. Aliijaza mara tisa, na ya kumi ikafika saba. Tisini na saba.

Mtu mwingine angeishangaa mvua. Mzee Milimita aliwashangaa watu. Aliinua macho, akatazama ua wa jirani.

Jirani huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi bomba. Mtu wa mizaha, mwenye mpira mrefu wa kumwagilia mchicha wake. Mchicha wenyewe ulikuwa hatua tano tu kutoka kwenye chombo cha mvua. Mzee alirudi ndani, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mkewe akauliza, "Nani tena?"

"Kaka yako."

Baada ya hapo ikapita miezi miwili mikavu, bila tone. Kisha kwa siku moja, themanini na nane. Kisha kiangazi tena. Kisha mia moja na mbili. Kwa Mzee Milimita hiyo haikuwa mvua. Huo ulikuwa mchezo. Akazungushia chombo chake uzi mweusi, mwembamba, wa cherehani ya mkewe. Siku ya tatu akaukuta umekatika. Mkewe alimwonyesha nyayo za kuku kwenye udongo. Mzee akasema, "Kuku hakati uzi."

Jumapili moja mchana akamwita shemeji yake uani, majirani wakisikia.

"Shemeji, unanimwagia maji kwenye chombo changu."

"Nikumwagie maji ili iweje?"

"Ili nionekane mwongo."

"Shemeji, mimi maji nahangaika nayo mchana kutwa kwenye nyumba za watu. Nije nikumwagie wewe bure?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimuuma mzee. Akasema maneno ambayo hakupaswa kuyasema: kwamba shemeji yake anaharibu kipimo cha umma, kwamba mtu wa namna hiyo si wa kuaminiwa hata ndani ya nyumba za watu. Na fundi bomba, wasikilizaji, riziki yake ni kuingia ndani ya nyumba za watu. Fundi bomba aliukunja mpira wake, akaingia ndani. Hawakusalimiana tena kwa miaka mitatu. Miaka mitatu, ua kwa ua.

Mjane anasema, "Mama yetu alifariki katikati ya ugomvi ule. Nilimzika mama yangu huku natazama nani kakaa upande gani."

Uvumi nao haukukaa. Lisemwalo lipo, wakasema watu, kama halipo laja. Mji mzima ukajua kwamba kile chombo kimechezewa. Na hapa, wapendwa, nami nina langu la kuungama. Siku zile kituo chetu kilikuwa kinasoma takwimu za mvua kila asubuhi baada ya habari. Zilitoka kwake. Nikausikia uvumi. Sikumpigia simu. Sikumwuliza. Niliziondoa tu hewani, kimyakimya. Miaka ilipopita nikazirudisha, vilevile kimyakimya. Tulikutana mara nyingi njiani na hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia.

Basi mzee akabaki na namba zake na shuku zake. Lakini fundi saa ni fundi saa. Saa ikikuletea mashaka, unatafuta saa ya pili.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, ni mkunga katika zahanati iliyoko bondeni, kilomita mbili kutoka nyumbani. Mzee akaomba chombo kingine idarani, akakipeleka kule yeye mwenyewe, akakisimika nyuma ya chumba cha kujifungulia. Akamwagiza binti asome kila siku, aandike, asimwambie mtu.

"Hata mama?" binti akauliza.

"Hasa mama."

Hakumwambia ni kwa nini. Hakutaka binti yake ajue jibu analolitafuta, asije akamsaidia kulipata.

Mwaka wa tatu wa ugomvi, mvua ikaanza alasiri ikanyesha mpaka alfajiri. Saa tatu kamili mzee akapima. Mia moja na nne. Akachukua simu. Binti yake ananisimulia: "Akaniambia, soma. Nikasoma. Mia moja na tisa, baba. Akasema, rudia. Mia moja na tisa. Nikadhani simu imekatika. Kumbe baba amekaa chini, kwenye matope, na suruali yake ya kazini."

Mnaelewa alichokielewa? Shemeji yake hakuwa na mpira wa kilomita mbili. Hakuna aliyemwaga maji. Mbingu zenyewe ndizo zilizobadilika. Mvua ile ile ya mwaka mzima, iliyokuwa inakuja kidogo kidogo kama mgeni mwenye adabu, sasa inapotea miezi, halafu inakuja yote kwa siku moja kama mdai. Wataalamu walikuwa wakilisema jambo hilo redioni siku nyingi. Yeye hakuwaamini. Sasa ameliona kwenye gilasi yake.

Asubuhi ileile, matope yakiwa bado yametapakaa suruali nzima, akaenda kugonga mlango wa shemeji yake. Fundi bomba akafungua nusu.

"Umekuja kupima nini?"

"Nimekuja kuomba radhi, shemeji. Si wewe. Ni mvua. Imebadilika."

"Miaka mitatu hukunipa hata salamu. Leo unaniletea taarifa ya hali ya hewa."

Akafunga mlango. Nilipomwuliza juzi, fundi bomba hakuficha. "Niliufunga, ndiyo. Sitaki kuwadanganya wasikilizaji wako. Nilimsamehe baadaye, na hata hapo nilimsamehe kwa mafungu."

Sasa twende bondeni.

Bondeni, kama mjuavyo, watu wanalima nyanya. Wakati ule mvua ikinyesha, njia inakatika. Nyanya zinaoza shambani huku mjini hakuna nyanya. Mgonjwa anabebwa mgongoni. Mama mjamzito anabebwa kwenye kiti. Kwa hiyo lilipowekwa bango kubwa la mradi, lenye picha ya watoto wanaocheka na maneno ya maendeleo endelevu, watu walipiga vigelegele. Barabara itajengwa. Itainuliwa kwa tuta la udongo, na chini ya tuta litapita kalvati, yaani njia ya maji, bomba moja kubwa la zege.

Mzee Milimita alikwenda kwenye mkutano. Hakupiga makofi. Aliusogelea mchoro, akavaa lenzi yake ya saa, akautazama kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kuguna. Zahanati ilikuwa upande wa juu wa tuta. Maji yakishindwa kupita kwenye bomba lile, tuta litakuwa bwawa, na zahanati itakuwa ndani ya bwawa. Akamgeukia mhandisi, mwanamke kijana, makini, mwenye kalamu sikioni.

"Mwanangu, bomba hili limepimwa kwa mvua ya mwaka gani?"

"Kwa kumbukumbu za miaka mingi, mzee. Mvua kubwa kabisa hapa ni milimita sitini na nne kwa siku."

"Namba hiyo naijua. Niliiandika kwa mkono wangu. Imezeeka kuliko mimi."

Kesho yake akampelekea madaftari ofisini, yake na lile la binti yake. Mhandisi akayafungua, akasoma, akayafunga. "Mzee, nimeuliza habari zako. Wewe mwenyewe ulitangaza mbele ya watu kwamba chombo chako kinamwagiwa maji. Na hili la zahanati limeandikwa na binti yako. Leo unataka nivunje mchoro kwa ajili ya namba hizohizo?"

Wasikilizaji wapendwa, shuku ya mzee mwenyewe ndiyo iliyokuwa imekaa pale mezani, inamshuhudia vibaya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mtu wa kumwokoa alikuwa mmoja tu. Akaenda kugonga mlango uleule kwa mara ya pili. Safari hii alisimama mlangoni mpaka fundi bomba mwenyewe akauliza kuna nini. Akaeleza. Fundi bomba akamsikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu.

Aliingia ofisini kwa mhandisi na nguo zake za kazi, akasimama. "Mimi ndiye yule mwizi wa mvua," akasema. "Sikumwaga hata kijiko. Na huyu mzee sina sababu ya kumtetea, bado nina hasira naye. Kwa hiyo ukinisikia nasema namba zake ni za kweli, ujue ni za kweli."

Mhandisi aliwatazama wote wawili. Kisha akasema, "Inawezekana pia mmepatana ili mnidanganye."

Fundi bomba akachukia. Mzee Milimita akatabasamu. Walipotoka nje akamwambia shemeji yake, "Huyu binti angekuwa fundi saa mzuri."

Mhandisi akaweka chombo chake mwenyewe, ndani ya wavu, chini ya kufuli, ufunguo kwenye mkoba wake. Akasimamisha ujenzi wa kipande kile cha bondeni kwa msimu mmoja wa mvua. Msimu mmoja tu. Lakini msimu mmoja kwa mwenye nyanya ni mrefu.

Watu wakamgeuka mzee. Mwenyekiti wa wakulima wa nyanya, mama mmoja mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alisimama sokoni akasema, "Sisi tunataka barabara, yeye anataka mvua!" Wengine wakanong'ona kwamba amenunuliwa na mtu mwenye shamba lake kule. Nani? Hakuna aliyejua, lakini wote walikuwa na hakika. Kibanda kikamwagiwa rangi nyekundu. Saa zikaacha kuja. Mtu aliyeishi kwa kushuku, sasa akaishi kwa kushukiwa.

Na katika msimu ule likatokea jambo ambalo familia imeniruhusu nilitaje. Mama mmoja wa bondeni alishikwa na uchungu njia ikiwa imekatika. Walimbeba kwenye kiti. Walichelewa. Mama alipona, mtoto hakupona. Aliyempokea alikuwa binti yake mzee.

"Baba alikuja zahanati jioni ile," binti anasema. "Aliniuliza swali moja. Kama barabara ingekuwapo? Nilikuwa nanawa mikono. Nikaendelea kunawa. Aliondoka kwa miguu, kwenye tope, na hakuomba nimsindikize."

Mjane wake anasema siku zile ndipo mzee alipoanza kujishuku mwenyewe. Alikuwa anafungua madaftari, anasoma namba zake, anayafunga. Anayafungua tena. "Nikamwuliza unatafuta nini," anasema. "Akaniambia, natafuta pale nilipokosea. Nisipopaona, nitajuaje kwamba sikutazama vibaya?"

Kabla msimu haujaisha, mvua ikaja. Asubuhi mhandisi akafungua kufuli kwa ufunguo wake, mbele ya mzee, mbele ya fundi bomba na mbele ya mwenyekiti wa nyanya. Akapima mwenyewe. Mia moja na kumi na mbili. Akapima tena. Mia moja na kumi na mbili. Hakusema "ulikuwa sahihi." Alisema, "Nitachora upya."

Mahali pa bomba moja yakajengwa matundu matatu ya zege, kila moja refu kama mlango. Barabara ikakamilika. Na miaka minne iliyopita, siku moja, ikanyesha milimita mia moja thelathini na moja. Mia moja thelathini na moja. Mnaikumbuka wenyewe.

Ilikuwa mchana. Zahanati ilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja, wawili kati yao wako kwenye uchungu. Ngazi za mlangoni ni tatu. Maji yakapanda ngazi ya kwanza. Yakapanda ya pili. Binti wa mzee alikuwa amesimama mlangoni na godoro la mtoto mkononi, hajui alipeleke wapi. Maji yakakaa pale kwenye ngazi ya pili kama yanayofikiri. Kisha yakaanza kushuka. Matundu matatu yalikuwa yanayameza. Watoto wawili walizaliwa kabla ya magharibi.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Chini zaidi, nyumba tisa zilibomoka kuta, na nyanya za msimu wote zilikwenda na maji. Hakuna aliyekufa. Juma lililofuata, mwenyekiti wa nyanya alifika kibandani kwa mzee, akaweka mezani saa ya marehemu mume wake, iliyosimama miaka sita. Akasema, "Itengeneze." Mzee hakuhitaji la ziada.

Mwaka jana ilisomwa ripoti kwamba umaskini bondeni umepungua. Mimi nilifurahi, nikaitangaza. Mzee Milimita akauliza, "Nani amehesabu?" Akashuka kwa miguu, siku nne, nyumba kwa nyumba. Aliporudi nikamsimamisha njiani nimwulize. Akasema nyanya zinafika sokoni, kweli. Watoto wanakwenda shule hata msimu wa mvua, kweli. Lakini visima vinakauka miezi miwili kila mwaka, na hilo ripoti haikuliuliza. "Kwa hiyo ni kweli," akaniambia, "nusu. Tangaza na ile nusu nyingine." Nilitangaza.

Mwezi uliopita kifua kilimzidi. Hospitalini aliishuku hata pimajoto. Muuguzi akimwambia thelathini na nane, anaomba aletewe nyingine. Fundi bomba alikuwa akienda kila siku na gazeti, na kila siku walibishana. Siku ya Jumatatu, anasema fundi bomba, mzee alimshika mkono wa shati. "Akaniuliza, shemeji, lile fungu la mwisho umeshanisamehe? Nikamwambia, zamani sana. Akanitazama vile anavyotazama. Akasema, una uhakika? Nikamwambia, shemeji, hili moja usilipime. Akacheka mpaka akakohoa."

Kesho yake asubuhi hakuamka.

Kwako mama mshonaji, kwako mkunga wetu, kwako fundi bomba: pokeeni pole zetu, mimi na kituo chote. Mmeondokewa na mtu mgumu kuishi naye, na mji wetu umeondokewa na jicho lake. Na yule mama wa bondeni na mtoto wake, nao tunawakumbuka leo.

Na nyinyi wasikilizaji, ninawaachia hili. Mkiambiwa mambo yameharibika, ulizeni. Mkiambiwa mambo yametengemaa, ulizeni zaidi. Hali ya hewa haitusubiri tupatane, na umaskini hauondoki kwa bango. Lakini pengine yupo mtu uliyemshuku, ukamtangaza, na siku hizi unajua kwamba hakuwa yeye. Nyumba yake unaifahamu. Leo ni Jumamosi, watu wapo majumbani. Zima redio, uende.